Kola Iliyokwisha Kugeuzwa

Kidole gumba ndicho kilichoitika kwanza. Fundi alikikunja na kukikunjua ndani ya beseni la maji vuguvugu, akangoja vile vingine. Cha shahada kilifuata shingo upande, cha kati kikaja na mlio wake wa kualika, na viwili vya mwisho vikakataa kabisa, kama watoto waliosikia wakiitwa wakajifanya wamelala. Hakuvilazimisha. Alikwisha kujua kwamba ukigombana na vidole asubuhi utagombana navyo mpaka jioni, na vyenyewe ni vingi kuliko wewe.

Maji yale ni ya chai yaliyobaki. Katika nyumba ile moto ulikwenda kwa foleni. Jiko likishawashwa, wa kwanza kupanda ni birika, kisha sufuria ya maharage. Maharage yakichemka vizuri hushushwa, yakafunikwa kwa blanketi kuukuu ndani ya ndoo, yajimalizie yenyewe kwa joto lake. Makaa yenye nguvu huhamia kwenye pasi. Yakizeeka yanarudi jikoni, na juu yake huwekwa kikaango chenye chumvi ya mawe. Chumvi ikipata moto humiminwa kwenye mfuko wa kitambaa, Fundi akajikanda viwiko, viganja na goti la kulia. Ndipo majivu yanapopewa ruhusa ya kupoa.

Foleni hiyo ilipangwa na wifi yake, dada wa marehemu mumewe. Wawili hao waliishi pamoja katika vyumba viwili tangu siku ya mazishi. Watu walitabiri kwamba mawifi chini ya paa moja watatoana macho kabla ya mwezi kuandama. Miaka ilipita na watu bado wanasubiri. Wifi alipiga pasi nguo za watu kwenye meza ya chumba cha mbele, na mtaani wakamwita Bi Pasi, kwa ajili ya kazi yake na kwa ajili ya ulimi wake pia. Asubuhi hiyo alikuwa ametoka kupeleka mashuka.

Fundi alijifuta mikono, akavuta kiti hadi kwenye cherehani, akachukua shati la kwanza katika rundo.

Kazi yake kubwa ilikuwa kugeuza kola. Kola ya shati huchakaa mahali inapokunjwa, pale ndevu zinapoisugua kila siku, na shati lote likaonekana la kutupwa ilhali mwili wake ni mzima. Fundi huifumua kola shingoni, akaipindua, upande uliokuwa umejificha chini ukaja juu, akaishona tena. Mwenye shati huondoka kama amenunua jipya. Ila kola ina pande mbili tu. Ikishageuzwa imegeuzwa, hakuna pa kukimbilia tena. Kwa hiyo kila alipogeuza moja, Fundi alipitisha uzi mwekundu kidogo kwa chini, katikati ya shingo, ili yeye mwenyewe asije akaigeuza mara ya pili kwa kusahau.

Kushona hakukumsumbua sana, kwa kuwa miguu ndiyo inayokanyaga. Kufumua ndiko kulikokuwa kukimmaliza. Kushika wembe kwa ncha za vidole na kuchokoa uzi mmojammoja, huku maumivu yakipanda kutoka kifundo cha mkono hadi begani, kulimfanya siku nyingine aume meno mpaka taya nazo zikadai haki yao.

Alilikunjua shati. Kola ilikuwa imekwisha kufumuliwa.

Akalitazama tena. Ni shati la mwalimu mkuu, jeupe lenye mistari myembamba ya buluu. Mwalimu alilileta kwa sababu ya kwapa tu, limeachia. Kola yake ilikwisha kugeuzwa zamani, na aliyeigeuza ni Fundi mwenyewe. Sasa ilikuwa mezani, imeachana na shingo, imechakaa upande huu na upande huu, nyuzi zikining'inia kama ndevu za mahindi. Na mwalimu alikuwa alifuate kesho kabla ya mkutano wa wazazi.

Fundi aliipapasa kola ile. Hakuna mwingine aliyegusa wembe katika nyumba ile. Kwa hiyo alifumua yeye. Alifumua lini? Jana mchana, alipokuwa hajiwezi, akili imeelekea kwenye viganja? Alijaribu kukumbuka, akakuta pako patupu. Hofu ikamwingia taratibu. Mikono alikwisha kuizoea, hata kuifanyia mzaha. Lakini kama mikono imetangulia na sasa akili inafuata nyuma yake, basi alilokusudia ni sahihi.

Na alilokusudia hakuwa amemwambia wifi yake. Alimwambia fundi viatu wa kibanda cha jirani, ambaye mtaa mzima humwita Gundi, kwamba akipata mtu wa kuichukua cherehani, amlete. Gundi alisema mtu yupo, na yeye mwenyewe atapita leo alasiri kuchukua jibu. "Bora niiache kazi," Fundi alikuwa amemwambia, "kabla sijaharibu nguo ya mtu."

Na leo nguo ya mtu imeharibika.

Alinyoosha mkono kuchukua kopo la nyuzi. Nyuzi zinazofumuliwa hazitupwi, ndefu huwekwa koponi kwa ajili ya kupigia bandi, zile hatua kubwakubwa za kushikilia kitambaa kabla ya kukishona. Nyuzi zake yeye zilikaa humo ovyo kama nywele za kichaa. Lakini juu yake palikuwa na kifundo kidogo kilichozungushwa vizuri, kikabanwa kama mtu anavyokunja leso. Katikati ya kifundo hicho, uzi mwekundu.

Fundi aliushika uzi ule kwa kidole na gumba. Akausogeza karibu na macho. Kisha, peke yake mle chumbani, akacheka.

Wifi aliporudi alikuta mwenzake amekaa mikono mapajani, hafanyi kitu.

"Leo vidole vimegoma?" aliuliza, akitua kapu.

"Vimeamka. Wifi, hebu nionyeshe mkono wako."

"Mkono gani?"

"Ule unaouficha nyuma ya kanga."

Wifi aliutoa. Kidole cha shahada kilikuwa kimefungwa kitambaa. "Nimejikata na kitunguu."

"Kitunguu gani, na jana umeapa kwamba maharage ya leo hayatakiona kitunguu mpaka ulipwe hela ya mashuka?"

Bi Pasi alivuta kigoda akakaa.

"Gundi aliniambia," alisema hatimaye.

"Gundi!" Fundi alitikisa kichwa. "Mtu anagandisha viatu vya mtaa mzima, mdomo wake mwenyewe umemshinda."

"Usimlaumu Gundi. Mwenye makosa ni nani? Unauza cherehani, mimi naambiwa na mshona viatu! Ningekuta sehemu yake tupu nikadhani tumeibiwa, nikapiga yowe, watu wakaja na marungu, tukaaibika." Sauti yake ilipanda, kisha ikashuka ghafla. "Mimi ndiye ninayezipiga pasi kola zako, wifi. Najua mshono wako kuliko ninavyoujua uso wako. Siku hizi najua hata siku uliyoumwa sana, pasi inaniambia. Nikasema, kama kufumua ndiko kunakokumaliza, basi uamke ukute kumefumuliwa. Alfajiri nachukua shati moja, nafumua, nakaa kimya. Ya jana na ya juzi niliishia nusu, hukuona?"

Fundi alikumbuka. Ya jana na ya juzi zilifumuka kirahisi mno, akadhani uzi ulikuwa umeoza. Akamshukuru Mungu kwa uzi uliooza.

"Umeona," alisema polepole, "lile la mwalimu lina uzi mwekundu?"

"Nimeuona. Nikasema, huyu naye siku hizi anashona na uzi wa rangi yoyote, masikini. Nikautoa wa kwanza, usije ukaonekana."

Fundi akamweleza maana yake. Wifi alisikiliza, na kadiri alivyosikiliza mikono yake ilipanda taratibu mpaka ikatua kichwani.

"Nimeua shati la mwalimu mkuu."

"Halijafa."

"Limekufa! Kesho atasimama mbele ya wazazi shingo wazi kama jogoo aliyenyonyolewa!"

Fundi alianza kucheka tena, na kicheko kikamfikia begani kukauma, akacheka huku anakunja uso. Wifi alimkazia macho.

"Unacheka nini? Wewe si ndiye uliyesema utaacha kazi kabla hujaharibu nguo ya mtu? Gundi kaniambia na hilo."

"Nilisema."

"Basi nguo ya mtu imeharibika, na aliyeiharibu si wewe. Angalau hapo nimekufaa."

Kulikuwa na njia moja. Chini ya shati, nyuma, kuna kitambaa kinachochomekewa ndani ya suruali, kisichoonwa na mtu ila mwenyewe na mkewe. Hukatwa hapo, kikashonwa kola mpya ya rangi ileile na mistari ileile, na pale palipokatwa hutiwa kiraka cha kitambaa chochote cheupe. Fundi aliwahi kufanya hivyo mikono ikiwa bado inasikia. Alilitandaza shati juu ya meza ya pasi, akaweka ile kola iliyochakaa juu yake kama kielelezo, akachora kuizunguka kwa kipande cha sabuni kilichobaki wembamba wa ukucha. Mpaka hapo mkono ulikubali.

Mkasi ulikataa. Aliingiza vidole kwenye matundu yake, akabana, na maumivu yakapita kifundoni kama waya wa moto. Alijaribu mkono wa pili. Mkasi ukaanguka mezani.

Wifi hakusema pole. Angesema pole, huenda Fundi angelia. Alisema, "Kidole kimoja hakivunji chawa. Na wewe vyako vyote kumi leo hata chawa mgonjwa atavishinda. Lete huo mkasi."

"Hujawahi kukata kitambaa."

"Wala kola nilikuwa sijawahi kufumua, na umeona nilivyo hodari."

Fundi alisimama ubavuni pake. "Usikate kama unayekata mboga. Fungua mdomo wa mkasi wote. Usiufunge mpaka mwisho, ukiufunga mpaka mwisho unaacha meno. Tembea. Simama hapo kwenye kona. Geuza kitambaa, usigeuze mkono."

Wifi alikata huku ncha ya ulimi imetoka pembeni ya mdomo, pumzi ameizuia. Fundi aliweka kiganja chake juu ya mkono wa mwenzake, hakusukuma wala hakuvuta, aliuweka tu pale. Chini ya kiganja alisikia mkasi ukitembea, ule mtetemo mdogo alioujua tangu ujana wake. Kifundo hakikuuma. Kilikuwa kinapewa kazi bila kubeba mzigo.

Kola ilitoka nzima. Kona moja ilikuwa nene kidogo kuliko ile nyingine.

"Hiyo kona nimeiharibu," wifi alisema.

"Itakaa upande wa kushoto. Mwalimu anaandika ubaoni kwa mkono wa kulia, wazazi wataangalia huko."

Walisimamisha kazi wakala. Fundi alionja maharage, akaweka kijiko chini.

"Wifi, haya maharage yana mafua?"

"Yana nini?"

"Yananukia dawa ya kifua."

Wifi alionja naye, akatazama dari. Asubuhi chumvi ya jikoni ilikuwa imekwisha. Akasema, chumvi ni chumvi, akachota kwenye mfuko wa kujikandia, akasahau kwamba Fundi huudondoshea mafuta ya mkaratusi uwe na harufu nzuri. Wakamwaga mchuzi, wakayasuuza maharage, wakayala hivyohivyo.

"Usije ukawaambia watu," wifi alisema. "Watasema nakulisha ugonjwa wako."

Alasiri Gundi alibisha hodi, akaingia na kofia mkononi, amejiandaa kwa uso wa huzuni. Aliwakuta wanawake wawili wameinamia shati moja. Bi Pasi alikuwa anapiga bandi kwa nyuzi za koponi, hatua ndefu kama za mbuni, na Fundi akimwelekeza kwa kidevu.

"Karibu, mtangazaji," wifi alisema bila kuinua kichwa.

Gundi alijifanya hakusikia. "Fundi, yule mtu anangoja jibu. Nimwambieje?"

Fundi aliitazama cherehani. Aliitazama na mikono yake, ambayo kesho asubuhi itarudi kwenye beseni, na keshokutwa vilevile, na siku nyingine haitaitika hata ikibembelezwa. Hilo halikubadilika. Ila asubuhi alikuwa amelihesabu peke yake, na sasa wako wawili.

"Mwambie cherehani ina kazi."

"Mpaka lini?"

"Gundi, wewe viatu vyako vinakwisha lini?"

Gundi alifikiri, akavaa kofia yake, akaenda zake akionekana amefurahi, ingawa hapo palikuwa pamempotea bakshishi.

Fundi aliiingiza kola chini ya mguu wa cherehani, akakanyaga. Mshono ulitembea kutoka kona nene mpaka katikati ya shingo, ukiwa umenyooka. Hapo goti la kulia likamwambia imetosha. Zamani angelibishia. Aliinua mguu, akaiacha sindano imezama kwenye kitambaa ili kisisogee.

"Nusu iliyobaki na kwapa nitamalizia asubuhi," alisema. "Na kiraka utakata wewe."

"Cha duara au cha pembe?"

"Cha pembe. Duara bado hujafika."

Ule uzi mwekundu ulikuwa umelala ukingoni mwa meza. Wifi aliuokota. "Huu tunautia?"

"Hii ni mpya. Haijageuzwa bado. Urudishe koponi."

Wifi aliurudisha, akaenda jikoni kuyachokoa makaa. Yalikuwa yamezeeka, mekundu kwa ndani tu, moto wa mwisho wa siku, nao una mwenyewe. Akabandika kikaango.

"Wifi," aliita kutoka huko, "nikaange chumvi ipi, hii iliyobaki mfukoni au nikuchujie ile ya maharage?"

Fundi alikuwa ameketi palepale mbele ya shati lenye kola nusu, mikono ameifungua mapajani, akiingojea chumvi yake.