Anayebaki Chini Ndiye Anayechagua

Kwenye kazi yetu ya kukata miti kuna sheria moja ambayo hakuna aliyeiandika: kamba ya kupandia huchaguliwa na anayebaki chini. Anayepanda haruhusiwi hata kuigusa dukani. Sababu yake ni nyepesi. Anayepanda anawaza kufika juu, kwa hiyo atapenda kamba isiyo na uzito. Anayebaki chini hana cha kuwaza ila kumwona mwenzake anarudi na miguu yake miwili.

Mimi nilipanda miaka kumi na tisa. Goti likagoma, nikabaki chini, akapanda shemeji yangu, mdogo wake mke wangu. Watu wanamwita Kima na mwenyewe anaitika. Kwao walizaliwa wawili tu. Mama yao alipokuwa anakata roho alimshika mke wangu mkono akamwambia neno moja, "Mtazame." Mke wangu amemtazama mpaka leo. Siku tukiwa na mti mrefu, anashona maturubai yake pale kwenye cherehani, simu kaiweka mapajani.

Shule niliacha darasa la tano. Nilichojua nilikijua kwa vidole. Ukinipa kamba naipitisha mkononi pima kwa pima, macho nimefumba, kisha nakwambia: hapa ganda limelegea juu ya kiini, hapa iliungua, hapa ililala kwenye maji. Kamba mbovu jicho haliioni. Nje nzima, ndani nyuzi zimekatika. Mafundi wengine walikuwa wananiletea zao niwashikie.

Basi vidole vikafa. Vilianza vya miguu, nikasema ni viatu. Vikafuata vya mikono, nikasema ni baridi. Siku moja nilishika sufuria jikoni nikasimama nayo nikiongea, na aliyesikia harufu ya nyama kuungua ni mke wangu. Nyama yenyewe ilikuwa mimi.

Kliniki, daktari akanifunga macho akanichoma pini kidole kimoja kimoja, akawa ananiuliza kipi. Nikakisia. Katika kumi nilipata viwili.

"Ni sukari, mzee," akasema. "Imekula mishipa ya fahamu."

"Itarudi?"

Akageukia kompyuta yake.

Tulipofika mlangoni kwetu mke wangu akanigeukia.

"Mwambie Kima."

"Nitamwambia."

"Lini?"

"Mama, nimesema nitamwambia."

"Mficha maradhi, kifo humuumbua," akasema huku anatafuta ufunguo. "Na safari hii kifo chenyewe si chako."

Sikumwambia. Nitasemaje? Goti nilishalitoa. Nikitoa na mikono nabaki na nini, tumbo? Ningekuwa mzee wa kukusanya majani. Nikajipa wiki moja, ikawa mbili, ikawa mwaka. Bahati yangu kamba tuliyokuwa nayo nilikuwa nimeichagua mwenyewe, vidole vikiwa vizima, na mimi naiamini.

Lakini kamba nayo ina umri. Ilipofika mwisho niliikatakata vipande vya hatua moja moja ili asije mtu akadanganyika nayo. Tukaenda dukani.

Lile duka linauza pampu, minyororo ya misumeno, kofia ngumu na kamba, na mwenyewe ni mtu wa maneno. Alipotuona tu akapiga kofi kaunta.

"Mganga wa kamba kaja! Kima, kaa mbali, wewe si umekatazwa kugusa?"

"Mimi mwali, bwana," Kima akasema, mikono kaiweka nyuma. "Nachaguliwa."

Akatutolea mbili. Ya kwanza nene, milimita kumi na tatu, kama ileile ya zamani, ilikuwa mwisho wa bunda lililokaa pale karibu na dirisha. Ya pili nyembamba, milimita kumi na moja, imetoka kwenye mfuko wake siku hiyohiyo, nyeupe yenye mistari ya kijani.

"Hii nyembamba inabeba uzito uleule," mwenye duka akasema. "Hata ukimtundika shemeji yako na tumbo lake."

"Tumbo langu usilitaje, ndilo nanga yake huyu."

Nikashika ile nene. Nikafumba macho kama kawaida yangu. Nikaipitisha. Ilikuwa kama namtazama mtu mwingine akishika kamba, tena kwa mbali. Nilijua jua la dirishani huua kamba polepole, na kwamba kamba iliyouawa na jua hukakamaa. Hii imekakamaa? Nikaibana. Nikaikunja. Hakuna jibu lililorudi. Nikashika ile nyembamba. Kimya kilekile.

"Mkono unasemaje, shemeji?" Kima akauliza.

Hapo ndipo palikuwa na mlango wa kusema ukweli. Neno lenyewe ni fupi, mtoto wa miaka miwili analijua. Nikaangalia kaunta, nikamwangalia mwenye duka anayesubiri na tabasamu lake, nikamwangalia Kima mwenye mikono nyuma kama mwanafunzi.

"Ya dirishani siiamini," nikasema. "Twende na nyembamba."

Kima alirukaruka. Miaka yote alikuwa ananililia kamba nyepesi na mimi namwambia mkono umekataa.

Sasa, kuna kitu lazima nikieleze, maana kosa liko humo. Mpandaji hashikwi na kamba kubwa peke yake. Kamba inatoka kwenye mkanda wake wa kiunoni, inapita juu ya tawi, inarudi mpaka kwake, kisha mkia wake unaning'inia hadi chini. Pale inaporudi kwake kuna kamba fupi imezungushwa mara tano, fundo la kubana tunaliita. Ukikaa, fundo linauma kamba, unabaki hapo. Ukilisukuma kwa mkono linaachia, unateremka. Kamba fupi ile lazima iendane na kamba kubwa. Kamba mpya nyembamba ina utelezi wa kiwandani, na kamba fupi yetu ilikuwa ya zamani, nene, ngumu, imezoea kamba nene. Mkono wangu wa kale ungezikutanisha zile mbili kwa nukta moja ukasema hapana, hawa hawaoani. Mimi sikuwaza hata kuuliza.

Mti ulikuwa mkaratusi mkavu uliolalia paa la nyumba ya bibi mmoja, mwalimu mstaafu. Chini yake uzio wa vyuma vyenye ncha. Tulijaribu fundo chini kwanza, kama inavyotakiwa. Kima akakaa, akajitikisa, likashika.

"Iko sawa?" nikamuuliza.

"Wewe ndiye wa kuniambia."

Nikaipapasa. "Iko sawa."

Sikuvaa glavu siku ile. Tangu vidole vife nilikuwa sivai, ili watu waone napapasa.

Akapanda. Saa nzima alishusha matawi vizuri, mimi nayavuta pembeni, mwalimu ananihesabia vigae vyake dirishani. Jua likapanda nalo. Kima akatoka kwenye shina, akatembea juu ya tawi kubwa la upande wa paa, akakata ncha yake, ikashuka pale tulipotaka. Ili arudi kwenye shina akafungua mkanda mfupi uliomshika tawini. Akakaa kwenye kamba yake.

Fundo halikuuma.

Nilimwona anashuka kama ndoo kisimani. Mita mbili hivi. Likashika. Akaning'inia hewani, msumeno unabembea chini yake, na chini ya msumeno uzio.

"Shemeji!" akasema. Hakupiga kelele. "Hili fundo linateleza."

"Usiliguse."

"Sijaligusa. Linateleza lenyewe."

Likaachia tena, nusu mita. Likashika. Ukimtazama usoni ungejua hakutegemea lishike kwa muda mrefu.

"Shika mkia!"

Hiyo ndiyo kazi ya mtu wa chini. Mkia ukivutwa kwa nguvu, kamba haiwezi kupanda kupitia kwenye fundo, na mpandaji hawezi kushuka. Nikaudaka, nikauzungusha nyuma ya kiuno, nikakaza kwa mikono miwili, nikaegemea nyuma.

"Umeshika?"

"Nimeshika."

Nikatazama mikono yangu nione kama ni kweli.

Mtu mwenye vidole hana haja ya kutazama. Kamba ikianza kumkimbia anajua kabla haijakimbia, anaongeza nguvu bila kufikiri. Mimi nilijua kwa kutazama chini tu, pale kamba iliyobaki ilipokuwa imejikunja miguuni. Rundo likipungua, kamba inanikimbia. Na rundo lilikuwa linapungua. Polepole, duara moja, duara la pili, na ngumi zangu nimezifunga mpaka viwiko vinatetemeka, na siwezi kusema nimezifunga kiasi gani.

"Shemeji, nashuka!"

"Nakuona!"

"Usinione, nishike!"

Nikajitupa chini. Nilikaa kitako, miguu nimeikita kwenye kisiki, kamba imenikata kiunoni. Kiuno kiliisikia, nikashukuru maumivu yale. Rundo likasimama. Mwalimu alikuwa ametoka nje, anaomba Mungu kwa sauti, nikamwambia aache kuomba aje aukalie mkia. Akaja na khanga yake, akaukalia. Mama wa miaka sabini.

Tulimteremsha hivyo. Namwachia kidogo, yeye anajisukuma kwa mguu ukutani apate kuukwepa uzio, naangalia rundo, namwachia kidogo. Kila mara aliuliza umeshika, na kila mara nilisema nimeshika, na sikuwahi kujua kabla ya kutazama.

Miguu yake ilipogusa ardhi alikaa palepale kwenye maua ya mwalimu. Kisha akaanza kucheka, kicheko kile cha mtu aliyeponea chupuchupu.

"Tumbo," akasema. "Nimeokolewa na tumbo na bibi. Shikamoo tumbo."

Nikacheka naye. Nilikuwa najipangusa jasho la mikono kwenye suruali. Akaacha kucheka mimi bado nacheka.

"Shemeji. Suruali yako."

Ilikuwa nyekundu mpaka magotini. Nikageuza viganja. Ngozi haikuwepo. Kulikuwa na mifereji miwili, myeupe katikati na damu pembeni, na kamba yote, mita na mita, ilikuwa na rangi yangu.

Akasogea. Akakishika kiganja changu kwa vidole viwili, palepale kwenye jeraha, akabonyeza. Alikuwa ananitazama usoni, haitazami mikono. Ningeweza hata kujifanya naumia, lakini nilichelewa.

"Tangu lini?"

"Mwaka."

"Dada anajua?"

Nikageuzia macho kwenye kamba, naye akalipata jibu lake. Akaachia mkono wangu. Alikusanya vifaa peke yake, akavua kofia akaiweka garini, na njia nzima hakunitania hata mara moja. Afadhali angenitukana.

Kwa dada yake alikwenda jioni hiyohiyo. Mimi nilikuwa chumbani na mikono imefungwa bandeji kama ngumi za mpiga masumbwi, nawasikia ukumbini. Sauti ilikuwa yake tu. Mke wangu alisema mara moja, "Nilimwambia akwambie," na Kima akasema, "Ungeniambia wewe." Baada ya hapo mke wangu akalia, na mimi siwezi hata kuzungusha kitasa nitoke. Bandeji ziliteleza. Nilijaribu mara tatu.

Wiki tatu baadaye tulirudi dukani, watu watatu. Mti wa mwalimu ulikuwa unasubiri, nusu umekatwa, na upepo ulikuwa umeanza. Mtu wa chini mwingine hatukumpata. Tuliyemwamini alikuwa na kazi zake, wa kupatikana hatukumwamini. Mke wangu ndiye aliyesema, "Nitakaa mimi chini." Kima alibisha kutwa nzima, akachoka.

"Leo mganga kaja na msaidizi," mwenye duka akasema, kisha akaona mikono yangu, akajishughulisha na daftari.

Safari hii akatoa bunda jipya la milimita kumi na tatu, na mkononi mwake kamba fupi za aina nne. Kima akaweka mikono nyuma kama kawaida. Ila hakusimama karibu yangu.

Mke wangu akashika kamba. Anajua nyuzi, miaka yote yuko na turubai na sindano. Lakini kamba hakuwahi kuijua.

"Natafuta nini?" akaniuliza.

"Pitisha polepole. Ganda lisizunguke juu ya kiini."

"Likizunguka linakuwaje?"

"Linakuwa..." Nikanyanyua mkono nimwonyeshe, nikaushusha. "Kama soksi. Soksi iliyolegea kwenye mguu."

"Na ikiwa nzima?"

Nikafikiri. Miaka kumi na tisa juu na sita chini, na sikuwahi kuitafutia neno, kwa sababu halikuwahi kuhitajika. Mwenye duka alikuwa anasubiri. Kima alikuwa anasubiri, anatazama mlango.

"Ikiwa nzima utaona tu," nikasema.

"Nitaona nini, baba?"

Akafumba macho, akaanza kuivuta, pima kwa pima, midomo inacheza kama anahesabu mishono. Alipofika kama katikati akasimama. Akarudi nyuma kidogo. Akapapasa tena palepale kwa kidole gumba.

"Hapa," akasema. "Hapa pana kitu au ni mimi?"

Akaniwekea mahali pale kwenye vidole. Bandeji zilikuwa zimetolewa, ngozi mpya nyembamba na ya waridi kama ya mtoto. Nikabana. Nikasugua mbele na nyuma. Nikafumba macho, kwa mazoea tu.

Kima akageuka kutoka mlangoni. Wote watatu wakanitazama.

"Sijui," nikasema.

Mke wangu akaichukua kamba mkononi mwangu. Hakunitazama kwa huruma wala kwa hasira, alikuwa na kazi. Akamrudishia mwenye duka.

"Fungua bunda lingine," akamwambia. "Na usiniharakishe."