Taa ya Tisa

"Mara ya tatu, mama! Mara ya tatu unaipangusa taa hiyo hiyo!"

"Kioo kina ukungu."

"Julai hii, Sumbawanga, kioo gani hakina ukungu? Zile nyingine kumi na tisa atazifuta nani, mimi?"

Bertilla hakuinua kichwa. Alikikamua kitambaa, akakizungusha polepole kwenye kioo, akatoa wadudu waliofia ndani. Andwele, meneja wa hoteli, alikuwa kijana wa Mbeya mwenye adabu zake. Kila asubuhi alimpa shikamoo kwanza, ndipo akamfokea.

"Basi iache. Hiyo inang'olewa sasa hivi. Isdori ameshaikata waya, anachimba hapo mita moja na nusu, tusimike nguzo ya taa kubwa. Bosi anafika saa sita."

Kitambaa kilisimama.

"Hapo pasichimbwe."

"Kwa nini?"

Kwa miaka sita ya kazi hapa, Bertilla hakuwahi kusema. Alipoomba kazi alisema anajua kufua na kufagia, basi. Angesema bustani hii ilikuwa shamba lake la ulezi, wangeajiri mwingine. Kila alfajiri alianza na taa hii, ya tisa kutoka getini. Balbu ndiyo kwanza imezimwa, upepo wa baridi unakata masikio, na kioo bado kina uvuguvugu. Alikiwekea kiganja kama anayeshika utosi wa mtoto, akangoja mpaka kipoe.

"Mwanangu yuko hapo," alisema.

Isdori, fundi umeme, aliweka jembe chini. Andwele alitazama kwanza mezani, walikokuwa wageni wakinywa chai.

"Makaburi ya hapa yalihamishwa, mama. Yalikuwa kumi na moja. Fomu ya mtendaji ninayo ofisini."

"Mtendaji alihesabu misalaba. Kichanga wangu tulimwekea jiwe. Nilimwonyesha. Akauliza jina la marehemu, nikamwambia aliishi usiku mmoja, hakuwahi kupewa. Akasema fomu haina nafasi ya asiye na jina."

"Punguza sauti."

"Wewe ndiye uliyeuliza."

"Sasa nikamwambie bosi nini? Kwamba wageni wake wanakula nyama choma makaburini?" Akasogea, sauti ikashuka. "Mama yangu, sikiliza. Kama unaitaka kazi, wewe hukusema na mimi sikusikia. Isdori, chimba."

"Mimi? Thubutu! Nina watoto, meneja. Chimba mwenyewe."

Bertilla alilishika jembe. Aliing'oa taa, akailaza kwenye nyasi kwa mikono miwili, akaanza kuchimba. Chini ya nyasi kulikuwa na udongo mweusi, kina cha kiganja tu. Kisha changarawe. Kisha mfuko wa saruji uliogandamana, vipande vya vigae, chupa ya soda. Shimo lilipomfika magotini aliacha jembe, akapiga magoti, akaendelea kwa vidole. Alitoa mfuko wa pili wa saruji.

"Ni hapa," alisema. "Hatua saba kutoka kwenye ule mkaratusi. Nilipima."

Isdori alichuchumaa ukingoni.

"Mama, greda lilipita hapa. Nilikuwepo. Palikuwa na mwinuko, wakaukwangua wote. Hapa pakajazwa kifusi, na ule udongo mzuri wakausambaza kabla ya kuotesha nyasi."

"Wakausambaza wapi?"

Isdori alinyoosha mkono, akaupitisha taratibu kutoka getini, kwenye meza za wageni, mpaka ukutani mwa jiko.

Bertilla alitazama bustani. Miaka sita, na ndoo yake, amekuwa akimkanyaga mwanawe huku na huku. Alijaribu kukumbuka mahali ambapo hajawahi kutia mguu, asipapate.

"Toka humo shimoni," Andwele alisema. "Tafadhali. Wanapiga picha hao. Nitaita polisi, mama, usinilazimishe."

Alitoka. Alichukua jembe, akampita meneja, akapita katikati ya meza. Mgeni mmoja alivuta miguu yake kumpisha, simu ikiwa bado juu. Alifika kwenye taa ya kwanza, kando ya geti, akaipiga teke ikaanguka.

"Kuna umeme humo!" Isdori alipiga kelele, akitimua mbio kuelekea kwenye swichi kubwa. "Mama, subiri nizime!"

Bertilla aliliinua jembe, akalishusha kwa nguvu pale taa ilipokuwa, aanze kumtafuta kuanzia hapo.