Injini ya Bi Kahonzi

Mwaka 1986, lori la Bi Kahonzi lilianza kugoma kila asubuhi. Bi Kahonzi alikuwa mjane wa Sabaki aliyesafirisha mahindi ya wakulima mpaka Mariakani, na usukani aliushika mwenyewe. Siku betri ilipokufa kwa kupigiwa stata mno, lori lilivutwa mpaka gereji moja mjini Malindi.

Charo, mkuu wa mafundi, hakufungua hata boneti.

"Injini imechoka, mama. Tuiteremshe tutie nyingine. Nimeiona moja nzuri Mombasa."

"Imechoka vipi? Juzi nimeshuka kwenye feri nikapanda kilima cha Mnarani na shehena tele. Ikishawaka, inavuta kama mpya. Ugonjwa wake ni wa asubuhi tu."

Charo akacheka. "Udereva na ufundi ni vitu viwili, mama."

Maneno yale yalimchoma. Lakini fundi mwingine, Nahashon, aliyehamia pwani kutoka bara, aliweka spana chini akasogea.

"Shikamoo, mama. Ukipiga stata, moshi hutoka?"

"Marahaba, mwanangu. Hautoki kabisa, mpaka ikaribie kuwaka."

"Basi dizeli haiifikii. Injini iliyochoka ingetoa moshi mweupe huku ikikataa."

Bi Kahonzi akamgeukia Charo. "Hakuna kung'oa kitu kabla sijajua ugonjwa ni nini."

Lori likalala gerejini, betri ikichajiwa usiku kucha. Asubuhi Nahashon alifunga mtungi wa dizeli juu ya kebini, akauunganisha kwa mpira moja kwa moja na pampu, akatoa hewa iliyokuwa imebaki ndani. Bi Kahonzi akapanda, akapiga stata. Injini ikanguruma papo hapo! Mafundi wote wakageuka. Charo alisimama na kikombe cha chai mkononi, asinywe.

"Injini ni nzima," Nahashon alisema. "Ubovu uko kati ya tangi na pampu."

Akalala chini ya lori. Bi Kahonzi naye akajifunga leso kiunoni, akaingia upande wa pili, akawa anapapasa bomba la dizeli kwa vidole, taratibu. Penye kibano kimoja akahisi mkwaruzo.

"Njoo uone hapa!"

Nahashon alifungua kibano. Bomba lilikuwa limesuguliwa na chuma mpaka likatoboka tundu kama ncha ya sindano.

"Umelipata, mama! Hewa inaingilia hapa. Lori likilala, dizeli inarudi tangini, na asubuhi pampu inavuta hewa tupu."

Wakakata pale pabovu, wakatia kipande kipya, mtungi ukaondolewa. Kesho yake asubuhi, lori likiwa baridi kabisa, Bi Kahonzi alimkabidhi Charo ufunguo.

"Piga wewe, fundi."

Charo aliugusa tu, injini ikawaka. Akashuka kwenye kiti cha dereva.

"Nimekosea, mama. Nilitaka kukung'olea injini nzima."

"Umekubali, yamekwisha," alisema Bi Kahonzi, tabasamu limemjaa usoni. Akapanda, akatoka gerejini akipiga honi mfululizo, na Nahashon akabaki langoni akipunga mikono yote miwili iliyojaa grisi.