Betri Nje, Taa Ndani

Huku kwetu Kipkelion giza halingoji usiku. Mvua ya saa nane ikianza, nyumba inazimika na cherehani yangu inanyamaza. Macho yalikuwa yameanza kuniuma. Kwa hiyo baba mkwe wangu, mzee Nyang'au, alipoacha udereva wa lori la majani chai mwaka wa sabini na nne akarudi na betri, nilifurahi kama mtoto. Tungekuwa tunaichaji kule kwa posho mill, na taa ingewaka juu ya cherehani.

Shida ilikuwa moja. Kwetu Wakisii mzee haingii nyumba ya mwanawe aliyeoa. Hiyo ni chinsoni, heshima isiyo na mjadala. Mume wangu Orina, karani wa shamba la chai, alikuwa akija Jumamosi tu, na mambo ya waya hakuyataka.

Basi mzee akaiweka betri nje chini ya paa, akapitisha nyaya mbili nyeusi kwenye tundu la ukuta, akawa ananielekeza kwa sauti. Nifunge waya wa kulia kwenye ncha moja ya taa. Nikafunga ulio kulia kwangu. Halafu akasema sasa nifunge ule mwingine, ulio kulia kwangu mimi. Nikashangaa, maana huo nilikuwa nimeufunga tayari. Lakini nani humbishia baba mkwe? Nikafunga ncha ya pili ya taa palepale. Waya wa pili ukabaki unaning'inia, nikadhani ana kazi nao.

Taa haikuwaka. Kesho yake tukarudia vilevile, ikakataa vilevile.

Jumamosi Orina alikuja na Alexander, mwenye pikapu, aliyekuwa anatafuta betri. Alexander akagusanisha waya kwenye betri, cheche zikaruka. Orina akasema betri ni nzima, mimi na baba yake ndio hatuiwezi, heri Alexander aichukue.

Mzee akaomba wangoje kidogo. "Moka Orina, toka nje," akaniambia mimi, mke wa Orina. "Simama hapa nilipokuwa nimesimama."

Akaenda hadi kwenye zizi, akanipa mgongo. Nikasimama kwenye alama za gambuti zake matopeni, nikautazama ukuta. Nikaelewa, na hasira ikanipanda.

"Tata," nikamwita, yaani baba, "kulia kwako ni kushoto kwangu. Nilifunga ncha zote mbili za taa kwa waya mmoja. Niliona, nikanyamaza."

"Mbona ukanyamaza?"

"Ningekubishiaje?"

Akasema polepole, "Kuingia kwako ndiko siwezi. Kubishiwa naweza."

Niliingia nikafunga upya. Taa ikawaka manjano juu ya kitambaa, nami nikalia bila aibu. Nikasikia pikapu ikiondoka tupu.

Mzee akarudi ukutani kuuliza kama imewaka. Nikamwambia imewaka. Akaniambia niisogeze upande wa kulia wa cherehani, mwanga uwe mzuri.

"Hapana, Tata," nikasema. "Mkono wangu utaweka kivuli."

Nje alicheka, akaniambia niiache hapohapo.