Mama Mkwe Aja Mwenyewe

Mpaka Majilio ya mwaka ule, majuma ya kuisubiri Krismasi, mama mkwe alikuwa sauti tu. Kila Jumapili jioni simu ililia na maneno yakamwagika kama asali: "Hamjambo wanangu? Mungu awatunze." Mke wa mwanawe, fundi cherehani, aliwaambia wateja wake kwamba wanaolalamika juu ya mama wakwe hawana adabu. Wa kwake alikuwa malaika. Na kila simu aliimalizia hivi: "Karibu sana mama, nyumba ni yako."

Jumatatu moja simu ililia bila kutarajiwa. "Ahsante kwa kunikaribisha," sauti ikasema. "Nipo kituo cha basi. Njooni mnibebee mzigo."

Mume wa fundi cherehani, yeye fundi umeme, aliangusha bisibisi. "Kituo cha kwao?"

"Cha hapa!" mkewe akajibu.

Nyumba yao ilikuwa chumba na sebule, na sebule yenyewe ilikuwa mali ya cherehani. Juma lile ilikuwa imejaa pia mavazi ya malaika, kwa kuwa fundi cherehani alikuwa mwalimu wa watoto kanisani, na igizo la Krismasi lilikaribia. Mama mkwe aliingia mlangoni kiubavuubavu, akashusha pumzi, akakaa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Kitu gani hiki kinanichoma?"

"Mabawa, mama."

Sauti haikuwa na goti bovu. Mama mkwe alikuwa nalo, na chupa nzima ya dawa ya kuchua iliyonuka mpaka kwa majirani. Sauti haikuwa na meno ya bandia yanayolala kwenye kikombe cha chai cha mkwewe. Kitandani alilala yeye na mkwewe, mwana akafukuziwa sebuleni, chini ya meza ya kukatia vitambaa. Mama mkwe alikoroma hata mkasi wa juu ya meza ukatetemeka. Kulipokucha alionja mchuzi, akasema chumvi imesahauliwa, akaongeza. Mwanawe alikunywa maji mpaka jioni.

"Wewe si uliniambia mama yako ana maneno matamu?" fundi alimnong'oneza mumewe.

"Anayo. Ila safari hii yamekuja na mwenyewe."

Jumapili iliyofuata mchungaji alimtaka fundi cherehani awaeleze watoto fumbo la umwilisho, yaani Mungu kuwa mtu. Fundi akaona ajifae kwa ujuzi wake. "Mungu," alisema, "aliuvaa mwili kama mtu anavyovaa shati."

Msichana mmoja wa mstari wa mbele, waliyemwita Kiherehere, akanyoosha kidole. "Joto likizidi alikuwa analivua?"

"Hapana."

"Sasa lilikuwa linafuliwaje?"

Watoto wakaangua kicheko. Mchungaji, aliyesimama mlangoni, alikohoa kama aliyekwamwa na mwiba wa samaki. Baadaye akamvuta mwalimu kando. "Jaribu tena wiki ijayo. Ukimwambia mtoto kwamba ni vazi, atatafuta vifungo."

Alirudi nyumbani masikio yakimwaka. Na katikati ya juma, alipotoka sokoni, alimkuta mama mkwe amefumua mikono yote ya mavazi ya malaika.

"Haikuwa sawa," mama mkwe alieleza. "Mmoja mrefu, mmoja mfupi."

Fundi akashindwa kujizuia. "Mama, kwani ulikuja kufanya nini hapa?"

Fundi umeme, aliyekuwa pembeni, alikumbuka ghafla kwamba kuna fyuzi ya kuangalia huko nje, ambayo haikuwa na tatizo lolote.

Mama mkwe aliweka sindano chini. "Mimba yako ilipotoka nilikupigia simu. Ukasema, 'Mimi mzima, mama.' Nikasema pole, ukasema ahsante, tukakata. Nikabaki nimeshika simu kama mjinga. Pole ya simu haina mikono, mwanangu. Nikajiuliza, nitaendelea kutuma maneno mpaka lini? Goti likakataa. Nikalilazimisha."

Tangu atoke hospitali fundi hakuwa amelia. Watu walimwambia ana nguvu, naye akawakubalia kwa heshima. Sasa alilia kwenye vazi la malaika mpaka likalowa. Mama mkwe alijikongoja, akamkumbatia, kumbatio zito la jasho na dawa ya kuchua, lililomkaba kidogo, na hakuwa na haraka ya kumwachia. Mwanawe alipochungulia, alimwashiria arudi kwenye fyuzi yake.

Jumapili fundi alisimama tena mbele ya watoto, na mama mkwe akajibana kwenye benchi la nyuma.

"Halikuwa shati," fundi alisema. "Tangu zamani Mungu alikuwa akituma maneno kwa manabii, maneno mazuri sana. Lakini watu walikuwa wanalia, na anayelia hatoshwi na salamu. Basi akaja mwenyewe. Akazaliwa na mama, akawa mtu kwelikweli, wala hakujifanya. Akaona njaa, akachoka, akalala usingizi."

"Alikoroma?" aliuliza Kiherehere.

Fundi alimtazama mchungaji. Mchungaji akatazama dari.

"Haikuandikwa. Lakini alikuwa na pua kama yako."

"Na bado ni Mungu?"

"Na bado ni Mungu. Jinsi ilivyowezekana, hata mimi sijui. Najua tu kwamba alikuja."

"Na kukoroma si dhambi!" mama mkwe akapaza sauti kutoka nyuma. Mchungaji alicheka mpaka miwani ikamdondoka.

Njiani kurudi, mama mkwe aliegemea bega la mkwewe kwa uzito wake wote, wakawa wanapumzika kila baada ya maduka mawili. Fundi umeme, mgongo umekakamaa, aliuliza kwa adabu zote, "Mama, unafikiria kurudi lini?"

"Sikukuu ipite kwanza, halafu tutaona."

"Tutaona nini, mama?"

"Tutaona," alijibu mkewe kabla ya mama yake.

Kesho yake fundi umeme alikwenda kununua godoro.