Chupa Namba Nne

Katika nyumba nane nilizopima maji, ni moja tu iliyokutwa na maji machafu, na nyumba hiyo ilikuwa yangu.

Naanza na hilo kwa sababu sipendi hadithi za kuzunguka mbuyu. Nina stashahada ya afya ya mazingira, nina watoto wawili, naishi na mama mkwe, na kwa miaka tisa kazi yangu imekuwa kuingia majikoni mwa watu na kuwaambia wanakunywa nini. Mtaani wananiita Dokta Maji. Mimi si daktari, lakini sikuwahi kumsahihisha mtu.

Kipimo chenyewe ni rahisi. Ni chupa ndogo ya kioo, na ndani yake kuna karatasi yenye dawa. Unajaza maji ya kunywa mpaka kwenye mstari, unafunga, unaiweka mahali penye joto kwa siku mbili. Maji yasipobadilika, vizuri. Yakigeuka meusi, kuna kinyesi kimepita humo. Huwa nawaambia watu hivyo hivyo, kinyesi, kwa sababu nikisema "vijidudu" wanatikisa vichwa na kurudi kuchota kwa kikombe kilekile.

Kila chupa ina namba. Majina ya nyumba yamo kwenye daftari langu peke yake, na sheria ya kazi yetu ni kwamba majibu ya nyumba ya mtu hayasemwi mbele za watu. Kila mmoja anapewa yake kwenye karatasi iliyokunjwa. Nyumba yangu niliipa namba nne. Hakuna aliyeniomba niipime. Nilitaka tu siku ya majibu nisimame niseme, "Hata mimi nimejipima, jamani."

Chupa zote nane nilizipanga ndani ya katoni, nikazifunika taulo, nikaziweka juu ya kabati la jikoni. Baada ya siku mbili nikafunua asubuhi, watoto wameshakwenda shule. Moja, mbili, tatu, safi. Ya nne ilikuwa nyeusi kama masizi.

Kabla hata sijaigusa, nilitazama mlangoni kuona kama kuna mtu.

Halafu nikamimina klorini ndani ya ile chupa. Ndivyo tunavyotakiwa kufanya kabla ya kumwaga, ila tunafanya baada ya watu kuona majibu. Weusi ukapauka. Nikamwaga chooni, nikaisuuza chupa mara mbili, nikaianika. Mikono yangu ilifuata utaratibu wote kama mikono ya mtu mwaminifu.

Mkutano ulikuwa saa nne, kwenye baraza ya Mama Mapacha. Huyu ni jirani yangu wa ukuta kwa ukuta. Mapacha wake wameshakuwa watu wazima na wana kwao, na yeye sasa analea watoto wa wenzake mchana. Alikuwa na watoto saba, mama zao wako kazini. Hana kazi nyingine, na hana mume wa kumwambia "leo leta wewe." Maji yake anayaweka kwenye pipa kubwa la bluu, na siku bomba likitoa tope, pipa nalo linakuwa na tope chini, kila mtu analiona. Mwezi mmoja kabla tulikuwa tumebishana, mimi na yeye. Nilimpa dawa ya matone ya kutia majini, akanirudishia.

"Dokta, chai ya watoto inanuka dobi," aliniambia. "Mimi nitachemsha tu."

"Utachemsha leo, kesho utachoka."

"Nimelea mapacha wangu na sikuchoka. Nichokee sufuria?"

Watu walisikia mabishano hayo. Mtaa wetu ukuta hauzuii kitu.

Basi nikagawa karatasi. Kwenye ya Mama Mapacha nilikuwa nimeandika "safi," kwa sababu yalikuwa safi kweli. Nikasema, "Nyumba saba hazina tatizo. Moja inalo."

"Ipi?" akauliza fundi cherehani. Mtoto wake alikuwa mmoja wa wale saba, na ulimi wake unakata kuliko mkasi wake.

"Sheria hairuhusu kutaja."

"Sheria ya serikali au ya kwako?"

Wakacheka. Nami nikacheka. Fundi akageuka taratibu, akalitazama lile pipa la bluu. "Basi tusitajiwe. Macho tunayo."

Wakacheka tena, ila safari hii si wote.

Mama Mapacha akainua karatasi yake juu. "Yangu imeandikwa safi. Hii hapa."

"Na nani hapa angesema yake imeandikwa chafu?" akasema fundi.

Wote wakanitazama. Nilihitaji kusema maneno mawili tu: "Si yeye." Badala yake nikasema, "Jamani, tuheshimu utaratibu." Ilikuwa sawa na kumnyooshea kidole.

Niliporudi nyumbani nilifungua chujio langu. Ni ndoo mbili, moja juu ya nyingine, na katikati kuna jiwe jeupe la udongo linalochuja. Jiwe hilo unalisugua likiziba, na kila ukisugua linakonda. Kwa hiyo linakuja na kipimo cha plastiki, mfano wa bangili iliyokatwa upande mmoja. Kipimo kikikwama, jiwe bado zima. Kikipita, limeisha, tupa. Kipimo hicho ninacho kwenye mkoba wa kazi. Nimekipitisha kwenye mawe ya watu sijui mia ngapi. Kwenye jiwe langu sikuwahi. Nikakitoa, nikakiweka. Kilipita mpaka chini bila kugusa kitu.

Jiwe nikalitupa, nikaanza kuchemsha, sikumwambia mtu. Mama mkwe akaonja siku ya kwanza akakunja uso.

"Mwanangu, maji yamekuwa ya vuguvugu siku hizi. Chujio limefanya nini?"

"Linapumzika, mama."

"Heri lenyewe."

Mama mkwe alikuwa na mwezi mzima anaumwa tumbo. Mara tatu nilimwambia, tena mbele ya watoto, kwamba ananawa mikono kama kuku. Sasa nilipika kimya, nikamwandalia kimya. Tumbo lake likatulia ndani ya siku nne. Nilitamani lisingetulia haraka hivyo.

Upande wa pili wa ukuta watoto walikuwa wanapungua. Wa fundi aliondoka kesho yake. Akafuata mwingine, halafu watatu kwa mpigo. Nilizoea kila asubuhi kusikia kelele zao nikivaa viatu. Wiki ya pili ilipoanza nikawa nasikia watoto wawili tu, na sauti ya Mama Mapacha akisugua pipa.

Nilijiambia mambo mengi. Kwamba watu wasahaulifu, watarudi. Kwamba nikisema, hakuna nyumba itakayonifungulia tena mlango, na kazi ndiyo hiyo. Yote yalikuwa kweli, na hakuna hata moja lililomrudishia mtoto.

Jumapili mchana akapiga hodi mwenyewe. Mama mkwe alikuwa sebuleni anachambua mboga. Mama Mapacha akaketi, akatoa kwenye mfuko chupa ya maji, akaiweka mezani mbele yangu.

"Nimekuja unifundishe," akasema. "Ndiyo, mimi huyo niliyekurudishia dawa. Nachemsha mara mbili sasa. Pipa nimelisugua mpaka vidole vimechubuka. Hebu nipimie tena, uniambie nakosea wapi."

"Karatasi yako iliandikwa safi, Mama Mapacha."

"Najua iliandikwa. Uliniandikia kwa huruma, usiniaibishe mbele za watu." Akanishika mkono. "Na nimekushukuru kwa Mungu, dada. Mwingine angenitaja. Lakini sasa tuko wenyewe. Kuna mtoto wa watu aliyeumwa kwangu?"

Kama angenitukana ningejua la kumjibu, kutukanana naweza. Lakini alikuwa ananishukuru, na mkono wake ulikuwa mkavu, umepauka kwa sabuni, nao ulikuwa juu ya wangu.

"Chupa nyeusi ilikuwa ya kwangu," nikasema.

Hakuutoa mkono mara moja. Nadhani hakuelewa. Nikaenda nikaleta daftari, nikafungua ukurasa. Namba nne, na mbele yake jina la nyumba yangu, kwa mwandiko wangu.

"Ulijua lini?"

"Asubuhi ile. Kabla ya mkutano."

"Yaani ulikuja umekaa kwenye kiti changu, unajua."

"Ndiyo."

"Na fundi anaongea vile, unajua."

"Ndiyo, Mama Mapacha."

Mama mkwe alikuwa ameacha kuchambua. "Na tumbo langu je?"

"Na tumbo lako, mama. Ni maji yetu."

"Mimi nanawa kama kuku," akasema, akimwambia Mama Mapacha, si mimi. "Ndivyo nilivyoambiwa humu ndani."

Nikasema nitaitisha mkutano mwingine, niwaeleze wote. Nilikuwa tayari nawaza siku na saa. Mimi ni mtu wa kupanga. Mama Mapacha akaichukua chupa yake mezani.

"Mkutano kaa nao. Kwenye mkutano wanakuja wachache, wengine wanahadithiwa, na wanahadithiwa vibaya. Kesho saa moja asubuhi uje usimame getini kwangu. Mama zao karibu wote wanapita pale wakienda kazini. Umwambie mmoja mmoja, kwa mdomo wako."

Nilikaribia kutaja sheria. Nashukuru nilinyamaza, maana sheria ile inalinda siri za nyumba za wengine. Ya kwangu ningeweza kuitangaza siku yoyote, hakuna aliyenizuia.

Nilifika saa moja na dakika kumi. Mama Mapacha alikuwa ameshasimama, amevaa nguo ya kutokea, mikono kifuani.

Wa kwanza alisikiliza akasema, "Haya," akaondoka haraka. Wa pili alicheka mpaka akashika ukuta. Wa tatu hakucheka. "Mimi nilimtoa mwanangu hapa nikampeleka kwa wifi yangu," akasema. "Anampiga. Kila jioni namkuta na macho yamevimba kwa kulia." Akashika njia yake kwenda kazini.

Fundi akaja na mtoto mgongoni. Nikamwambia. Akanitazama kutoka viatuni mpaka kichwani kama anayenipima gauni.

"Kumbe mganga hajigangi! Na ile sheria yako?"

"Niliitumia kujificha."

"Mmh." Akamgeukia Mama Mapacha, sauti imeshuka. "Nafasi ya huyu bado ipo?"

"Ipo," akasema Mama Mapacha. "Lakini na wewe una mdomo, kama Dokta. Utumie."

Fundi akaomba radhi pale pale, akimtazama mtoto badala ya mtu anayemwomba. Mtoto akashushwa, akakimbilia ndani kama aliyetoka jana.

Ilipofika saa mbili ndani kulikuwa na watoto wanne. Mama wawili walisema watawaleta watoto wao kesho. Nikajifuta jasho, nikauliza kama nimemaliza.

"Bado mmoja," akasema Mama Mapacha. "Yule mama anayefanya kazi kiwandani. Siku hizi hapiti hapa, anazungukia barabara ya juu asinione."

"Nitampigia simu."

"Simu?" Akanitazama. "Kwani mtoto wake alimtoa hapa kwa simu? Anatoka kazini saa kumi na moja. Utamkuta kwenye geti la kiwanda. Na uwahi, leo umechelewa dakika kumi."

Akaingia ndani, akafunga geti. Saa kumi na nusu nilikuwa mbele ya kiwanda, nimesimama peke yangu pale watu wote watakapotokea.