Bastola ya Mama Lynn

Wanjiku alipata leseni ya bastola baada ya kuingoja karibu mwaka mzima, na siku hiyohiyo mumewe akawa mtaalamu.

Wanjiku alikuwa mfamasia. Duka lake la dawa lilikuwa South Beach, Durban, chini ya ghorofa refu lililoliwa na chumvi ya bahari. Mwanzoni mwa 2012 vijana watatu walimvamia, wakachukua simu yake na katoni mbili za dawa ya kikohozi, wakamshukuru kwa adabu, wakaenda zao. Ile adabu ndiyo iliyomuudhi. Akasoma, akafanya mtihani, akahojiwa na polisi. Ukaazi wa kudumu, sharti la leseni, alikuwa nao. Zachary, mumewe, aliyemfuata huko baadaye kufundisha historia chuoni, hakuwa nao bado. Kwa hiyo kisheria bastola ilikuwa ya Wanjiku peke yake. Lakini sheria haikusema lolote kuhusu maoni.

"Nunua rivolva, Mama Lynn," Zachary alisema. Alikuwa amesoma mtandaoni hadi macho yakawa mekundu. "Hizi nyingine hukwama. Rivolva haikwami kamwe."

Kwenye duka la bunduki, muuzaji aitwaye Govender aliweka mezani rivolva ndogo, nyepesi, ya risasi tano. Kando yake akapanga mipini ya kubadilisha: mmoja mnene wa mpira, mwingine mwembamba wa mbao uliong'arishwa hadi ukawa kama fanicha ya sebuleni.

"Huu wa mpira utamfaa dada," alisema Govender. "Unapunguza teke bastola ikilia."

"Mpira ni wa baiskeli," Zachary akamkata. "Tupe wa mbao. Na risasi, tupe kali kuliko zote ulizonazo."

Govender akamtazama Wanjiku, maana leseni ilikuwa mkononi mwake. Wanjiku alikuwa amechoshwa na mabishano ya tangu asubuhi.

"Mfungie huo anaoutaka," alisema. "Halafu aanze yeye kupiga."

Nyuma ya duka kulikuwa na ukumbi wa shabaha. Zachary aliruhusiwa kupiga kwa sharti kwamba mkewe asimame kando yake kumsimamia. Sharti hilo halikumpendeza, lakini alipanua miguu, akalenga, akavuta.

Bastola iliruka. Mpini mwembamba ulimzunguka kiganjani, na chuma kinachokinga triga kikamgonga kidole cha kati hadi damu ikatoka.

"Safi kabisa," alisema Zachary.

Akapiga ya pili. Ya tatu na ya nne alizipiga amefumba macho. Ya tano ikakataa. Alivuta triga, triga haikuvutika.

"Imekwama," alisema Wanjiku.

"Haikwami," alisema Zachary, huku akizidi kuvuta.

Govender aliichukua taratibu, mtutu ukiwa bado umeelekea shabaha, akawaonyesha. Teke la zile risasi kali, ndani ya bastola nyepesi namna ile, lilikuwa limechomoa kichwa cha risasi ya mwisho kutoka kwenye ganda lake. Kichwa kilikuwa kimechungulia nje na kuizuia silinda isizunguke.

"Eish, ndugu yangu," alisema Govender. "Nguvu zikizidi, inajifunga yenyewe."

Wanjiku akatoa plasta kwenye mkoba, akamfunga mumewe kidole. Kisha akaomba mpini wa mpira na risasi za polepole, zile butu zenye uso bapa. Akapiga zote tano. Matundu yalikaa pamoja katikati ya karatasi. Zachary alisema karatasi ilikuwa karibu mno.

Mpira nao ulikuwa na vituko vyake. Wanjiku alipoivaa bastola kiunoni chini ya koti lake jeupe la kazi, mpini ulinata kwenye kitambaa. Félicité, Mrundi mwenye saluni ya jirani, alikuja kununua Panado ya kichwa, akamkagua.

"Dada, koti yako imepanda. Iko kitu inaikamata hapo nyuma."

Siku hiyohiyo Wanjiku akarudi kwa Govender, akabadilisha tena: mpini wa mbao, lakini mpana, laini, uliojaza pengo la nyuma ya triga, pale Zachary alipogongwa kidole. Koti likateremka sawasawa. Alijitazama kwenye kioo cha duka kwa kila upande, hakuona kitu. Alifurahi kuliko alivyotegemea.

Jumapili Wakenya wenzao walikutana kwa maombi nyumbani kwa Mugambi, mhandisi wa bandarini. Baada ya amina ikaja chai, na baada ya chai Zachary akainua kidole chake chenye plasta.

"Kwa bastola nyepesi, usinunue risasi kali," alimwambia Mugambi. "Hilo nimelifanyia utafiti. Na mpini ndio kila kitu. Huu niliomchagulia Mama Lynn huwezi kuuona. Anayo hapo sasa hivi."

Chumba kizima kikageukia kiuno cha Wanjiku. Mke wa mchungaji akasogeza kiti chake.

Kesho yake mlinzi wa ghorofa alimpigia saluti. Félicité alifika kabla hajafungua mlango vizuri. "Nasikia uko na bunduki! Nionyeshe kidogo tu."

Jioni, mezani, Wanjiku akasema, "Baba Lynn, nimeirudisha ile bastola. Naona hainifai."

Zachary akaacha kula. Uso wake ulijaa huruma ya kweli. "Nilijua. Si kila mtu ana moyo wa mambo haya."

"Usimwambie mtu, tafadhali. Naona aibu."

"Siri yetu," alisema Zachary, na kabla vyombo havijaoshwa alikuwa barazani na simu sikioni, akimnong'oneza Mugambi.

Kabla wiki haijaisha, habari zilikuwa zimeenea. Mlinzi aliacha saluti. Félicité alileta pole na ndizi mbivu, akasema amefanya vizuri, vitu kama ile inaleta mikosi. Wanjiku akashukuru. Akainama kuchukua dawa rafu ya chini, na Félicité hakuona lolote.

Kitu kimoja tu hakukitarajia. Kwa kuwa alidhani mkewe sasa hana silaha, Zachary alianza kuja kila jioni kumsindikiza. Alisimama mlangoni akikunja uso kwa kila apitaye mpaka kufuli ikafungwa.

"Usiogope," alimwambia walipokuwa wakielekea kwenye gari. "Nipo."

Wanjiku aliona moyo unamchoma. Alijiapiza kwamba siku moja angemwambia ukweli, labda Krismasi, labda Krismasi ya mwaka mwingine. Akahamia upande wa kulia wa mumewe na kumshika kwa mkono wa kushoto, ili wa kulia ubaki huru.